Uvimbe wa Mpiga Tarumbeta

Oyet alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya polisi. Kila asubuhi, huko kambini Naguru, alipuliza mpaka mashavu yakatuna kama maandazi. Basi alipoota kivimbe mbele ya sikio, wenzake walicheka.

"Hicho ni cheo, mzee!" alisema Okidi, mpiga tarumbeta mwenzake. "Wapigaji wakongwe wote wanacho. Ni pumzi imejificha."

Oyet akaamini. Tena akajivuna nacho, maskini! Kivimbe hakikuuma. Kilikua polepole, mwaka ukapita.

Siku moja alikuwa akinywa uji. Uji ukamtiririka kidevuni.

"Banange, jamani! Baba Gradi, mbona mdomo umekwenda upande?" aliuliza mkewe, Akwero.

"Nimechoka tu."

Akwero hakubishana. Alimwita jirani yao Phelister, muuguzi kutoka Kenya. Phelister akakigusa kivimbe. Kilikuwa kigumu.

"Hebu tunisha mashavu, afande. Sasa toa pumzi." Mashavu yakanywea. "Umeona? Pumzi imetoka, uvimbe umebaki. Hii si kazi ya tarumbeta."

"Lakini hakiniumi, sista."

"Ndiyo maana umekaa nacho! Hapo kuna tezi inayotengeneza mate. Vivimbe vingi vya hapo si saratani, lakini vingine ni saratani. Kikizidi kukua, au uso ukilegea, ni hospitali mara moja. Usikikande, usikichanje."

"Wakinipasua, nitapuliza tena?" aliuliza Oyet. Hakujua kazi nyingine.

"Sijui, ndugu yangu. Kwanza uwe hai."

Hospitalini walimchoma sindano nyembamba, wakatoa nyama kidogo ya kupima. Walimpiga picha pia. Ilikuwa saratani ya tezi ya mate, lakini haikuwa imesambaa. Akwero alilia waziwazi. Madaktari waliitoa tezi, kisha wakampa tiba ya mionzi. Mdomo ulimkauka, chakula kikakosa ladha. Akwero akampikia uji mwepesi, wala hakuchoka.

Saratani ikaisha, ingawa bado anarudi kupimwa. Ila mdomo haukunyooka. Tarumbeta likamkataa, naye akapewa ngoma kubwa.

"Nashukuru," alimwambia Phelister. "Leo natafuna chapati yangu mwenyewe, na Gradi ana baba."

Siku ya mazoezi Okidi akaja meno nje.

"Mzee, nami nimepata cheo!" Akaonyesha kivimbe.

Oyet alitupa vijiti vya ngoma chini. Akamshika mkono, wakaenda hospitali na sare zao. Kivimbe cha Okidi hakikuwa saratani. Kiliondolewa mapema, na uso wake ukabaki mzima.

Kwenye gwaride lililofuata, Okidi alipuliza tarumbeta kwa nguvu zote. Nyuma yake Oyet alipiga ngoma, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, moyo umejaa shukrani.