Samaki wa Bahasha ya Saba

Wasomaji watukufu, simameni. Nawaletea penzi lililotikisa mbingu na ardhi. Haya, kaeni. Lilitikisa meza moja ya samaki sokoni na maabara ya chuo.

Dada yangu ni mtafiti. Asubuhi hiyo alifika soko la samaki amevaa suruali nyeupe, jambo linaloonyesha kwamba usomi una mipaka, akasimama mbele ya mvuvi mrefu mwenye buti za mpira.

"Niuzie vichwa tu."

"Mwili umekukosea nini?"

Akamweleza. Kichwani mwa samaki mna vijiwe viwili vya masikio. Hukua tabaka juu ya tabaka, na maji anayoishi samaki huacha madini yake humo. Ukivipima, unajua alizaliwa mto gani na akahamia wapi.

"Kumbe samaki hawezi kuficha alikolala."

"Hawezi. Wewe je?"

"Mimi nipasue kichwa uone."

Kwa miezi mitatu mvuvi alipanda hadi kwenye maporomoko kumvulia samaki wa utafiti, vijiwe vya kila samaki vikatiwa bahasha yake, na simu hazikukatika. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula. Umevaa soksi kavu?" Mapenzi ya watu wazima yanachosha kusikiliza. Jumamosi mvuvi angekuja kujitambulisha kwa Mama. Gauni la bluu lilishapigwa pasi.

Alhamisi mashine ya maabara ikapima kijiwe cha bahasha ya saba. Samaki yule hakuwahi kuonja mto. Alizaliwa bwawani, akafugwa bwawani.

Dada akapiga simu. "Huyu wa saba ulimnunua kwa wafugaji."

"Nilimtoa kwenye maporomoko kwa mkono wangu."

"Kijiwe kinasema bwawani. Nimeandika sura nzima nikitegemea uongo wako."

"Hata kuniuliza hukuniuliza," mvuvi akasema taratibu, kisha akakata.

Ijumaa, macho yamevimba, Dada alirudi kwenye darubini kukitazama kijiwe kilichobaki. Kila samaki ana cha kushoto na cha kulia. Bahasha ya saba ilikuwa na viwili vya kushoto.

Bahasha zile zilikuwa zimekaa wiki nzima nyumbani, kwenye rafu ya chumba chetu, vijiwe vikauke. Mama hagusi kitu cha samaki kisicho na mchuzi. Tulibaki Dada, na mimi niliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni.

"Ulikuwa utani," nikasema. "Nilitoa kimoja, nikaweka cha yule samaki wa bwawani tuliyemla. Nilitaka kuona kama mashine itajua."

Dada alibonyeza namba, akanikabidhi simu. Nikamweleza mvuvi yote, bila koma.

"Wewe nimekusamehe, shemeji," akasema. "Mwambie dada yako kesho siji. Nitapiga nikiweza."

Dada alisikia. Hakulia tena. Alinitazama kama ninavyotazamwa na mwalimu wa nidhamu.

"Tangu lini unajali mashine?"

Nina majibu mengi ya maswali kama hayo. Siku hiyo nilitoa la kweli.

"Ulikuwa unanipigia bwenini kila Jumapili," nikasema. "Matroni akiniita, nakimbia hata na kandambili moja. Tangu umpate yeye, nimeitwa mara moja tu, na aliyepiga alikuwa Mama."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilijua mashine itajua."