Gari Lililoangukia Kushoto

Mokaya alikuwa kwenye kiti cha dereva, kichwa kimelalia usukani, na shati lake jeupe lilinuka wiski.

Inspekta Werema aliinama dirishani bila kugusa kitu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, Alhamisi moja ya mwezi wa Mei, mwaka 1997, na jua la jioni bado liliwaka juu ya mahindi. Ukitoka Rongo kwenda Homa Bay, kona ile iko muda mfupi kabla ya kufika Rodi Kopany. Barabara inapinda ghafla kulia, na upande wa kushoto kuna mteremko. Gari kubwa la kifahari lilikuwa limeacha lami, likabingirika mara moja, kisha likasimama tena kwa magurudumu yake katikati ya shamba, kama mnyama aliyeanguka akaona haya.

"Nani alimwona kwanza?"

"Kina mama wawili waliokuwa wakitoka sokoni, afande," alijibu Koplo Nyasuguta. "Mahindi ni marefu. Ukiwa barabarani huoni kitu."

Mwenye gari alisimama kando akijifuta macho kwa leso. Caleb Obare alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Malori yake yalibeba mbuta waliovuliwa kisiwani Remba hadi mijini, na mwaka huo alikuwa akitafuta kiti cha ubunge. Watu walimwita Jatelo, yaani kiongozi. Homa Bay nzima iliyajua magari yake mawili. Kulikuwa na Otenga, mwewe, kigari chekundu cha mbio kilichokaa chini karibu kugusa lami, alichokiendesha mwenyewe mpaka kuku walijifunza kumkimbia. Na kulikuwa na hili jeusi, Liech, ndovu.

Otenga alikuwa hajatoka bandani kwa mwaka mzima. Caleb alimgonga mtu wa baiskeli, na hakimu akamnyang'anya leseni. Akamwonya kwamba akishikwa tena nyuma ya usukani, atalala jela. Ndiyo maana alinunua Liech, na ndiyo maana alimwajiri Mokaya amwendeshe.

"Pole, Jatelo," Werema alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Mimi nilishukia Rodi saa tisa. Nilikuwa na watu wa kusalimia. Nikamwambia arudi Rongo ajaze mafuta. Kumbe alienda kunywa."

"Alikuwa mnywaji?"

"Watu wa dini, Inspekta! Mchana Biblia, jioni chupa."

Werema aliandika. Kisha alizunguka gari polepole. Paa la upande wa kushoto lilikuwa limebonyea mpaka usawa wa kiti. Upande wa kulia, juu ya kichwa cha marehemu, paa lilikuwa zima, na hata kioo hakikupasuka. Mkanda wa kiti cha dereva ulining'inia mahali pake. Haukuwa umefungwa.

Alikitazama kifua kile kilichovunjika, akalitazama tena lile paa zima.

Jumapili alikwenda Uriri. Mokaya alihamia huko kutoka Kisii akiwa kijana, akalima, akajifunza udereva, akaoa. Mjane wake, Bosibori, alimpa kiti cha ukumbini na yeye akakaa kwenye mkeka.

"Mume wangu alikuwa shemasi miaka kumi na minne, afande. Hajaonja pombe, hata ile ya dawa ya kikohozi. Jana wazee wa kanisa walikaa. Wamesema aliyekufa mlevi hataingizwa kanisani, na kwaya haitakuja. Tunazika Jumatano."

"Nimesikia, mama."

"Mimi siombi mtu afungwe. Nina watoto watatu. Wakipita sokoni wataitwa watoto wa mlevi mpaka wazeeke. Nirudishie jina lake tu."

Werema alitazama chini. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa haijamfundisha kuyasikia maneno kama hayo na uso mkavu.

"Alikuwa analiendeshaje lile gari?"

"Polepole. Jatelo alikuwa anamcheka, anamwambia, 'Mokaya, unaendesha kama unapeleka bibi harusi.' Yeye anasema hiyo gari ina nguvu lakini haina kiuno."

Jumatatu asubuhi daktari wa serikali alimkabidhi taarifa ya uchunguzi wa maiti.

"Mbavu za kushoto zimevunjika. Amevuja damu ndani, polepole. Ameishi kama saa moja baada ya ajali. Tumboni kuna ugali na mboga. Nimemfungua mwenyewe, pombe iko kwenye shati, haiko tumboni."

"Kitu kingine?"

"Alama ya mkanda. Inatoka bega la kushoto inashuka kiuno cha kulia."

"Dereva wa Kenya anakaa kulia, daktari. Mkanda wake unatoka bega la kulia."

"Mimi nasoma mwili, Inspekta. Barabara soma wewe."

Barabara ilimhitaji msomaji wa kweli. Werema alimchukua Suleman, mwuza vipuri wa mjini Migori, ambaye aliwahi kushindana kwa magari ya mbio mpaka mguu ukavunjika mara mbili. Suleman alitembea kwenye kona akichechemea, macho yakiwa kwenye lami, akaenda hadi mahindini na kurudi.

"Hapa watu hupita kwa kasi ya ngapi?"

"Hamsini. Sitini."

"Huyu alipita karibu mia. Ona, breki kazikanyaga akiwa tayari katikati ya kona. Halafu akakata usukani kulia kwa nguvu. Sasa tazama: alama za matairi ya kushoto zimechimba lami. Za kulia ziko wapi?"

"Zimekatika."

"Zimekatika kwa sababu magurudumu yalikuwa hewani, bwana. Ukipinda kulia, uzito unakimbilia kushoto. Kwa kigari cha mbio uzito uko magotini. Ukikosea, kinateleza tu, kinakupa nafasi ya kutubu. Hili uzito wake uko kifuani. Mama aliyebeba mtungi kichwani humwambii akate kona mbio."

"Lakini wanasema lina nguvu kuliko kile chekundu."

"Tena sana! Kwenye mstari ulionyooka utakiacha kile kikilia. Lakini nguvu inakufikisha kwenye kona, Inspekta. Kona yenyewe inakuuliza swali jingine."

Ili aelewe, Suleman alimpakia kwenye gari lake la chini na kuipita kona kwa kasi ya tisini. Matairi yalilia, gari likateleza nusu hatua, likatulia. Kisha Werema akaipita kwa gari refu la kituo, sitini tu. Alihisi gari zima likilalia kushoto, na mguu ukaachia mafuta kabla akili haijaamua.

"Umeona?" Suleman alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Mtu aliyeendesha ndovu mwaka mzima hawezi kufanya hivi, hata akilewa. Mwili unakumbuka. Huyu mwili wake ulikuwa unakumbuka gari jingine."

Koplo Nyasuguta naye alikuwa amemaliza kuuliza Rodi Kopany. Jatelo alionekana pale saa kumi na dakika arobaini, kwa miguu, viatu vina vumbi. Hakuna aliyemwona akishuka garini saa tisa.

Jumanne, saa nne asubuhi, Caleb Obare aliketi mbele ya meza ya Werema. Alikuwa amevaa suti, shati limefungwa mpaka kooni.

"Inspekta, hata chai hamna? Nyinyi watu mnateseka."

"Nataka unisaidie jambo la kitaalamu, Jatelo. Mimi sijui magari."

"Utajuaje? Pikapu yenu inasukumwa na mahabusu!"

Koplo Nyasuguta, kwenye kona ya chumba na daftari lake, aliinamisha kichwa kuficha tabasamu.

"Ile kona. Dereva mzuri akigundua ameingia kwa kasi, afanye nini?"

Caleb alisogea mbele. Mikono yake ikashika usukani usiokuwepo.

"Asiogope. Anagusa breki, pap! Mkia unalegea. Anakata usukani ndani, halafu mafuta. Nimepita hapo na Otenga mia na kumi, mtoto amelala nyuma hajaamka."

"Mokaya angeweza?"

"Mokaya? Yule angeshuka alisukume!"

Alicheka peke yake. Werema alisubiri mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Breki katikati ya kona. Usukani kulia kwa nguvu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye lami, Jatelo, kama ulivyosema sasa hivi."

Caleb aliishusha mikono magotini. Werema aliendelea.

"Gari lilibingirikia kushoto. Kushoto kumebonyea. Upande wa kulia ni mzima. Lakini aliyevunjika mbavu tumemkuta kulia. Mkanda haukufungwa, lakini mwilini ana alama ya mkanda, na ni ya kiti cha abiria."

"Hayo ni maneno ya daktari wa wilaya."

"Ndiyo. Sasa naomba ufungue vifungo viwili vya shati."

"Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtu ambaye bega lake la kulia linauma. Ukifungua nikakuta ngozi safi, nitakuomba msamaha mbele ya watu sokoni."

Caleb alilegeza tai. Vidole vilifika kwenye kifungo cha kwanza, vikakwama hapo. Mstari wa zambarau ulianza karibu na shingo, upande wa kulia, ukaingia chini ya kitambaa. Hakuhitaji kuendelea.

Werema alimweleza haki yake ya kunyamaza. Hakunyamaza.

"Mwaka mzima, Inspekta. Mwaka mzima nabebwa kama mgonjwa. Tulipotoka Rongo nikamwambia, hama. Akasema, 'Jatelo, hakimu.' Nikamwambia hakimu hayuko hapa. Akahama. Akakataa tuondoke mpaka nifunge mkanda."

"Endelea."

"Lile gari ukilikanyaga linaruka. Nilidhani ni Otenga aliyekua, basi. Kabla ya kona akasema, 'Punguza, hii haikatwi hivyo.' Nikamwambia, unanifundisha mimi?"

"Liliposimama, alikuwa hai?"

Caleb alitazama dirisha.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa anapumua."

"Alisema kitu?"

"Aliniuliza kama nimeumia."

Kalamu ya Nyasuguta ilisimama. Werema alimwashiria aandike.

"Ukamvuta mpaka kiti chako."

"Nikamvuta. Alilia. Chupa ilikuwa yangu. Nikammwagia. Halafu nikatembea mpaka Rodi."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Rodi kuna magari. Hospitali ya Homa Bay iko pale chini. Daktari anasema angefikishwa mapema, angepona."

"Najua."

"Na ulikaa ukisalimia watu."

"Ningeenda jela, Inspekta. Uchaguzi ungekwisha kabla haujaanza." Alifunga tena kile kifungo, kana kwamba kulikuwa na mtu wa kumwona. Sauti ikashuka. "Na watu wangecheka. Wangesema Obare hajui kuendesha."

Jumatano alfajiri Werema alikwenda Uriri bila sare. Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba, udongo mwekundu umelundikwa pembeni. Habari ilikuwa imefika kabla yake. Wazee wa kanisa walikuwa wametuma ujumbe: jeneza lipelekwe kanisani kwanza, na kwaya yote itakuja.

Bosibori alimtoa kando.

"Amekiri?"

"Amekiri, mama. Mumeo hakuwa akiendesha, wala hakunywa."

"Aliongea? Mwisho?"

Njia nzima Werema alikuwa ametafuta jibu lililo laini kuliko ukweli. Hakulipata, na mwanamke yule hakuwa ameomba ulaini.

"Alimwuliza mwenzake kama ameumia."

Bosibori aliinamisha kichwa polepole, kama mtu anayekubali mzigo wake.

"Huyo ni yeye," alisema.

Chini barabarani wanakwaya walikuwa wakishuka kutoka kwenye lori, majoho yao meupe yamekunjwa mikononi. Walisimama langoni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia.

"Afande, nenda uwaambie waingie," Bosibori alisema. "Walipomwita mlevi walisema kwa sauti. Waimbe hivyo hivyo."