Sikio la Mabala

Kila asubuhi, akimaliza kukamua, Nyanjige alikaa kwenye kigoda na kuchora kwa kidole kwenye simu yake. Alikuwa anatengeneza mchezo wa simu. Mchungaji anavusha ng'ombe mtoni huku mafuriko yanakuja. Alifanya kazi hiyo miaka miwili, peke yake, hapo hapo kijijini Dutwa.

Bibi yake, Milembe, hakuchoka kutazama. "Mikono hii!" alisema. "Huyu ng'ombe nusura anipige teke."

Siku moja Nyanjige aliingia ndani macho mekundu.

"Bibi, nimeibiwa. Kuna mtu ametoa mchezo mtandaoni. Ng'ombe wote ni wangu! Nikitoa wa kwangu sasa, watu watasema mwizi ni mimi."

"Aliwaona wapi?"

"Nilituma picha kwenye kundi la wachoraji. Nilitaka wanisifu."

"Picha kubwa, safi, bila jina lako?"

"Ndiyo."

"Ukaacha zizi wazi, ukaenda kulala."

Wakaenda kwa jirani yao Joakim, afisa utamaduni.

"Mwangaluka, mayu," Joakim alimwamkia bibi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Tumeibiwa ng'ombe."

Joakim aliruka. "Wangapi? Walinzi wa sungusungu wameitwa?"

"Wamo ndani ya simu, baba. Kaa chini."

Nyanjige akaeleza. Joakim akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulipomaliza kuchora tu, picha ikawa yako kisheria," alisema. "Hiyo ndiyo hakimiliki. Lakini mwenye mali lazima aoneshe ushahidi. Michoro ya mwanzo unayo?"

"Yote, tangu mistari ya kwanza. Ina tarehe."

"Safi! Usifute hata mmoja."

Bibi alikuwa bado anakodolea macho picha ya mchezo wa mwizi kwenye simu. "Hebu kuza hapa. Sikio la kushoto."

Nyanjige akakuza. Sikioni palikuwa na mikato miwili midogo. Ni alama ya ukoo wao. Babu aliikata mwenyewe kwenye sikio la Mabala, ng'ombe wao wa mabaka, na Nyanjige alimchora alivyo.

"Mwulizeni huyo bwana," bibi alisema, "ng'ombe wake alikatwa sikio na nani?"

Joakim alicheka mpaka akafuta machozi.

Wakaandika malalamiko kwa duka la michezo la mtandaoni. Waliambatisha michoro yenye tarehe, na picha ya Mabala mwenyewe akicheua zizini. Siku ya tisa, mchezo wa mwizi uliondolewa.

Nyanjige akasajili kazi yake ofisi ya hakimiliki. Siku hizi akionesha picha, hutuma ndogo, na jina lake hulipitisha katikati. Likiwa pembeni, mwizi hulikata.

Mchezo wake ulipotoka, ulifunguka kwa picha ya sikio lenye mikato miwili. Bibi alikuwa wa kwanza kuucheza. Akazamisha ng'ombe wote.

"Wabeja, asante sana, mjukuu wangu," alisema, simu haiachii. "Mwizi hakuwaweza. Mimi nimewamaliza. Warudishe, nijaribu tena."