Abiria wa Daraja la Kamukuywa

Blanketi la machela lilikataa kukauka. Nelima, muuguzi wa ambulensi, alikuwa ameliosha, akalianika uani mwa hospitali pale Kitale, na jua la Januari likalichoma hadi likawa gumu. Lakini kila alipolitandika ndani ya ambulensi, lilirudi kuwa bichi upande wa kichwani, tena likanuka matope ya mto. Alilaumu sabuni, maskini, kana kwamba sabuni ina kesi.

Kiptum, dereva wake, hakulaumu sabuni.

"Sista, hii gari inakuwa nzito tukipita Kamukuywa," alinong'ona. "Na nyuma hakuna mtu."

"Ni springi," Nelima alijibu, lakini moyoni alijua si springi.

Mwezi uliopita walikuwa wakimpeleka mzee Nyongesa Bungoma. Pale darajani mzee alimshika mkono. "Binti yangu, usiniache njiani. Nifikishe kwangu Myanga." Nelima akamwambia lile ambalo wagonjwa wote huambiwa ili watulie: "Sikuachi, baba. Nitakufikisha." Mzee akakata roho kabla gari halijamaliza daraja. Wakageuza, wakamlaza mochari ya Kitale, na jamaa zake wakaja kumchukua kwa pikapu. Hakuna aliyesimama darajani kumwita. Nelima, Mbukusu aliyelelewa na bibi yake, alijua kwamba anayefia njiani huitwa jina palepale alipofia, kisha roho yake hubebwa hadi kwao kwa tawi la mti wa lusiola. Lakini alikuwa amevaa yunifomu, akaona haya.

Tangu hapo wagonjwa wawili walilalamika, darajani hapo hapo, kwamba kuna mtu amewakalia kifuani. Mmoja hakufika hospitali.

Halafu ikawa zamu ya Bilha. Huyu alikuwa mdogo wake Nelima wa pekee. Alijifungua mtoto wa kiume alasiri, damu ikakataa kusimama, na damu ya kundi lake ilikuwa Bungoma tu. Gari lilikuwa hilo hilo. Nelima alipanda, akaapa kimoyomoyo kwamba huyu hatamtoa kwa yeyote.

Mvua iliwapata baada ya Kiminini. Bilha alikuwa amejifunika leso yake ya manjano, macho ameyafumba. Daraja lilipotokea injini iliguna, nyuma ya gari ikashuka kama imepakiwa magunia, harufu ya matope ikajaa mle ndani hadi Nelima akaionja ulimini, na leso ya manjano, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kubonyea polepole katikati ya kifua.

"Nelima," Bilha alisema kwa sauti ndogo, "mwambie huyu mzee asonge. Ananifinya."

"Kiptum, simamisha gari!"

Aliruka nje kwenye mvua na yunifomu yake, akavunja tawi la lusiola kando ya mto, akarudi akalipunga juu ya machela huku analia, akiita bila kujali madereva waliokuwa wakipiga honi nyuma yao, "Nyongesa! Baba Nyongesa! Mwachilie mdogo wangu! Njoo kwangu, nakupeleka Myanga leo, leo hii!"

Tawi likawa zito mkononi mwake, zito kama ndoo ya maji. Bilha akavuta pumzi.

Bungoma walimpokea mbio. Kwenye mlango wa thieta Bilha alimng'ang'ania mkono. "Dada, usiniache."

"Sikuachi. Ningoje, narudi sasa hivi." Nelima aliyasema kwa mazoea, mawazo yake yakiwa kwa tawi lililobaki garini.

Huko Myanga mjane wa mzee alilipokea kwa mikono miwili, bila swali, akalichomeka kaburini. Mabega ya Nelima yakawa mepesi. Kiptum alifungua mlango wa nyuma akapapasa blanketi.

"Sista, imekauka!" Akacheka kwa nguvu. Nelima naye akacheka, machozi yakimtoka kwa shukrani.

"Mungu awabariki," mjane alisema. "Sasa ingieni mnywe chai. Na huyo msichana je?"

"Msichana gani, mama?"

"Si huyo mmemwacha kwa gari. Mwenye leso ya manjano. Anatetemeka sana, mwambie ashuke aote moto."

Simu ya Nelima ilianza kulia mfukoni. Aliiacha ilie. Hakugeuka kutazama gari. Alimwomba mjane panga, kisha akauliza kama kuna lusiola hapo karibu.