Mvumo wa Gurudumu la Mbele

Kila alfajiri mama yake Chiriku alichemsha chai, akaiacha ipoe bila kuinywa, akatoka kwenda kubeba watoto wa watu. Alikuwa dereva wa gari dogo la kupeleka wanafunzi shuleni. Chiriku, binti yake wa darasa la sita, alikaa naye akifungua na kufunga mlango. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Tajiri, yaani mwenye gari, alisema mtoto "anasaidia tu". Watu wa aina yake hawakosi neno laini kwa jasho lisilo lao.

Siku hizo gurudumu moja la mbele lilikuwa linavuma. Gari likienda taratibu, kimya. Likishika kasi, vuuuu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mama alimweleza tajiri zaidi ya mara moja.

"Washa redio," tajiri alimjibu.

Jumamosi, walipokwisha kuwashusha wanafunzi wa masomo ya ziada, mama alikwenda gereji. Tajiri alikuwa ameshamwonya kwamba watoto wasipochukuliwa saa saba, funguo atapewa dereva mwingine. "Wapo wengi, na hawana maswali," alisema.

Fundi wa gereji aliitwa Nusu Saa, maana kila kazi alisema ni ya nusu saa. Wateja walimtania kwamba nusu saa yake imeshapata wajukuu.

"Beringi hiyo," alisema akiwa chini ya gari jingine. "Ila ya upande gani? Mama, nenda barabara kubwa, uyumbishe usukani huku na huku. Chiriku, wewe usikilize. Mama yako masikio yameshachoshwa na injini."

Chiriku aliegemea dirisha. Kiti kilikuwa na joto, na usingizi wa alfajiri ulikuwa bado unamdai. Aliposhtuka, walikuwa wamerudi langoni mwa gereji.

"Enhe, upande gani?" fundi aliuliza.

"Kulia," alijibu bila kupepesa macho. Chiriku hakuwahi kukosa jibu. Ndiyo maana wakamwita hivyo.

Nusu Saa akapiga jeki, akafungua tairi la kulia, akatoa breki, akazungusha beringi kwa vidole. Akakunja uso.

"Mbona hii inateleza vizuri? Nikiisukuma nje nitaiharibu, na mpya ninayo moja tu. Chiriku, una uhakika?"

Chiriku akamtazama mama yake. Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, macho ameyafumba, vidole vimejikunja kana kwamba bado vimeshika usukani.

"Mjomba, ngoja," alisema. "Sijui. Nililala."

Mama akafumbua macho. "Ulilala?"

"Ndiyo, mama. Nikaona nikisema kweli, utarudi tena barabarani, na wewe umechoka."

Hakuna aliyempigia kelele. Nusu Saa akaanza kurudisha nati moja baada ya nyingine. Ingekuwa nafuu kama angetukana.

Safari ya pili Chiriku alikaa wima, akijifinya paja. Usukani ulipokwenda kulia, mvumo ulipanda. Ulipokwenda kushoto, ulififia.

"Gari likiyumba kulia ndipo linalia," alimwambia fundi, "lakini sauti inatokea kushoto."

"Sawasawa! Likiyumba kulia, uzito unalalia gurudumu la kushoto. Beringi mbovu ikibebeshwa mzigo, inapiga kelele." Akainua upande wa kushoto, akazungusha gurudumu. "Weka mkono kwenye springi hii. Unasikia?"

Chuma kilikuwa kinatetemeka kama meno ya mtu anayesikia baridi.

Beringi ilipotoka ilikuwa na kutu, gololi zake zimeliwa. Fundi alikuwa bado anashindilia ile mpya wakati simu ya mama ilipolia.

"Saa saba imepita!" tajiri alifoka. "Funguo nampa mtu mwingine!"

"Mpe," mama alisema kwa sauti ya chini. "Ila umpe na beringi hii mbovu niliyoishika. Umweleze, na wazazi wa watoto uwaeleze, nilikuambia lini na ulinijibu nini."

"Wafuate watoto," tajiri alisema, akakata.

Walipoingia barabara kubwa, gari lilikwenda kimya. Mama ndiye aliyesema kwanza.

"Kulala hakukuwa kosa lako. Umebebeshwa kazi ya mtu mzima, nami nilinyamaza. Kuanzia Jumatatu hufungui tena mlango wa tajiri. Amtafute mtu amlipe. Kosa lako ni kumpa fundi jibu ambalo hukuwa nalo. Tungefunga beringi mpya kulia, tukawapakia watoto, na ile iliyooza ikabaki kushoto. Tajiri anadanganya akiwa kitandani kwake, mwanangu. Sisi tukidanganyana, tunaoanguka na gari ni sisi. Ukichoka, sema umechoka. Usipojua, sema hujui. Nitarudia barabara hata mara kumi."