Mlango Uliochorwa Wazi

Ilianza harufu ya udi. Na udi, ndugu yangu, hauungui wenyewe ndani ya ukumbi wa sinema saa tisa ya mchana.

Salehe alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, akimalizia pazia kubwa la kitambaa cha marekani. Mwaka ule wa 1953 mji wa Moshi ulikuwa na wiki nzima ya sinema za wachoraji, kwa heshima ya mafundi rangi wa nyuma ya stesheni waliopamba vibao na kuta za mji tangu wakati wa Mjerumani. Salehe alikuwa amechora mtaa wao huohuo: vibanda, migomba, theluji ya Kibo kwa juu, na katikati nyumba yenye mlango. Mafundi wa zamani walikuwa na mwiko mmoja tu: mlango wa picha huchorwa umefungwa. Yeye akauchora nusu wazi, giza likichungulia. Mwenye ukumbi alitaka picha ya kuwavuta watu, na Salehe naye kwa kupenda sifa hajambo.

Chini yake, mkewe Shani alikuwa mkekani akishona upindo. Tangu mtoto wao Zaidi azaliwe, miaka sita sasa, wawili hawa hawakuwahi kuitana majina.

"Baba Zaidi, nani anachoma udi?"

"Labda Basili." Basili wa Kirua Vunjo ndiye aliyeendesha mashine ya sinema, kwenye chumba cha juu.

"Basili? Huyo akichoma kitu ni ndizi!"

Wakacheka. Ndipo ikaja sauti ya upole kabisa: "Hodi."

Shani alikuwa anakata uzi kwa meno, hata macho hakuinua. "Karibu," akasema. Angesema nini kingine, mtu aliyelelewa vizuri?

Salehe akateremka amwone mgeni. Mkeka ulikuwa mtupu. Sindano ilining'inia kwenye upindo, bado inacheza.

"Mama Zaidi?" aliita, lakini kwa kunong'ona. Akakimbilia mlango wa mbele, akausukuma, akatoka nje, na nje kulikuwa ndani: viti vilevile, pazia lilelile limemkabili. Akajaribu mlango wa nyuma. Pazia lilelile. Mungu wangu! Akalia kama mtoto, sioni aibu kulisema.

Basili alimsikia, akachungulia kwenye kidirisha cha mashine. "Salehe! Una nini?"

"Nimefungiwa. Kamlete Bibi Mwantumu wa Majengo. Kimbia!"

Bibi Mwantumu alikuwa mganga, mzee wa maneno machache. Alijaribu milango kwa nje, ikakataa. Akapanda chumba cha mashine kwa ngazi ya nje na kuweka uso kwenye kidirisha.

"Shikamoo bibi," Salehe alisema.

"Marahaba. Nani aliyesema karibu?"

"Mke wangu."

"Basi waliomo mle pichani nao wamemkaribisha kwao. Sikiliza, mwanangu. Mwite mara moja tu, kwa jina unalomwita nyumbani kwenu. Akitoka, funga mlango huo kwa rangi, na milango hii itafunguka. Usiuchore wazi tena. Ukiuchora wazi mara ya pili watatoka wote, na saa kumi na moja watu wanaingia humu."

Salehe akalisogelea pazia mpaka puani mwake mkajaa udi na ubichi wa rangi, akaona lile giza alilolichora kwa mkono wake mwenyewe linapumua, linavimba na kunywea, na mle ndani zikasikika nyayo nyingi zikiburuzwa kuelekea kwake, na miongoni mwa nyayo kikohozi kidogo alichokijua, cha mwanamke aliyelala ubavuni mwake miaka yote hiyo, naye hofu ikampanda, akasahau aliloambiwa, akapiga kelele kwa jina ambalo kila mtu sokoni alilijua:

"Shani!"

Akatoka. Khanga ileile, uso uleule. Salehe hakungoja hata kumshika. Alichovya brashi kwenye rangi ya kahawia akapaka, akapaka, mpaka giza lote likafunikwa na mbao za mlango zikakutana.

Milango ya ukumbi ikafunguka yenyewe. Hewa ya jioni ikaingia, na watu nyuma yake: mafundi wazee na kanzu zao, wakulima walioteremka kutoka mlimani, wanawake wenye watoto mgongoni. Salehe akamkumbatia mkewe kwa furaha.

"Ahsante," mwanamke akamwambia sikioni. "Ahsante, Salehe."

Salehe akamwachia. Juu, Bibi Mwantumu alikuwa ameshika kichwa.

Na nyuma ya rangi mbichi, taratibu, sauti iliyokaukiwa na machozi: "Hodi. Baba Zaidi, hodi jamani. Mbona umefunga?"

Brashi ilikuwa bado mkononi. Salehe akautazama mlango, akawatazama watu, zaidi ya mia mbili, wanagombea viti vya mbele, wanaisifu kazi yake. Basili akazima taa, mashine ikaanza kunguruma, watu wakapiga makofi.

"Hodi, Baba Zaidi."

Akaing'ata ile "karibu" mpaka ulimi ukatoka damu. Yule mwanamke akamshika mkono, akamkalisha kiti cha mbele, akakaa karibu naye.