Mshale Uliopanda Injini Imezimwa

Fundi huyu alikuwa jirani yetu, mtu wa utani, na umeme wa pikipiki za zamani ulikuwa kazi yake. Aliyemfundisha ni kaka yake. Kaka huyo aliwahi kuugua mpaka ndugu wakanong'ona habari za sanda. Ghafla akainuka mzima, akampa mdogo wake pikipiki yake kuukuu. Alimsisitizia aiweke karibu na nyumba. Fundi akaiegemeza ukutani, nje ya chumba cha bintiye wa miaka sita.

Wiki hiyohiyo mtoto akaanza kudhoofika. Hospitali walipima weee, hawakuona kitu.

Jumamosi asubuhi, ili asikae akilia bure, fundi akaigeukia ile pikipiki. Dainamo, inayoijaza betri, aliikuta imeungua, nyeusi tii. Lakini betri ilikuwa imejaa. Akacheka peke yake: wenzake huletewa betri zilizokufa, yeye analalamikia iliyojaa.

Akatazama mita ya chaji. Injini imezimwa, ufunguo umo mfukoni, na mshale uko upande wa kujaza. Ndani, mtoto alikohoa. Mshale ukapanda. Akakohoa tena. Ukapanda tena.

Akafungua kasha la taa ya mbele, mita inamokaa. Nyuma ya mita palikuwa na waya mwekundu usio wa pikipiki, umefungwa kipande cha shati lake mwenyewe la kazi. Kiungo kilisokotwa kwa mkono wa kushoto, mizunguko mitatu, ncha imekunjwa. Duniani ni mtu mmoja tu aliyeunga waya hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, lakini kuujua msemo hakupunguzi maumivu. Alilia kama aliyefiwa. Kisha akaukata.

Mshale ukalala. Ndani, sauti ndogo ikaomba chakula.

Alipogeuka, kaka alikuwa langoni, ameshika nguzo, uso umemsinyaa.

"Umeukata," alinong'ona.

"Ni mtoto, kaka. Wewe ni baba yake mkubwa."

"Sikumtaka yeye. Nilikutaka wewe. Ningejuaje kwamba shati lako ndilo analolalia?"

Hakuomba radhi. Kabla ya jua kuzama alikuwa maiti, na fundi hakwenda kumzika.

Jioni ile alimwogesha bintiye, aliyekuwa akicheka na povu. Kitu kikamchoma kiganja. Kwenye kisigino cha mtoto palichomoza waya mwekundu, mfupi kama ukucha, ncha ya shaba inang'aa, imekatwa leo.

Akauvuta taratibu. Mtoto akasema hauumi.

Waya ukazidi kuja.